Je, Wajua? Jani Halidondoki Hivihivi

Je, wajua kwamba jani la mepo, ule mti ambao jani lake jekundu liko kwenye bendera ya Kanada, haling'olewi na upepo? Mti wenyewe ndio hulikata. Siku zinapofupika huko Ontario, Vermont au Hokkaido, seli zilizo pale kikonyo kinaposhikana na tawi hujipanga matabaka mawili: moja hulegea na kuachana, jingine hukauka na kufunga kama kigaga ili mti usivuje. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Upepo huja mwishoni kuchukua kilichokwisha kuachiliwa, na sifa zote hupewa wenyewe.

Naanza na hilo kwa sababu siku hizi ukitafuta sauti ya kukuongoza kwenye taamuli utakutana na jani hilohilo. Sauti laini, kinanda kwa mbali, kisha agizo: achilia, kama jani linavyoachilia tawi. Agizo si baya, ila limeruka nusu ya habari. Hiyo nusu iliyorukwa ndiyo safu ya leo.

Je, wajua kwamba kabla ya kulikata, mti hulinyang'anya jani sehemu kubwa ya chenye thamani? Umbijani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga wa jua, huvunjwavunjwa ili protini zilizoushikilia nazo zivunjwe, na naitrojeni iliyomo irudi tawini na shinani kungoja mwaka ujao. Fosforasi nayo huvutwa. Kwa wastani mti huokoa takribani nusu ya akiba hizo kabla jani halijagusa ardhi. Kinachoanguka ni ganda la jani lililokwisha kufanyiwa hesabu.

Je, wajua kwamba wakati jani linaanguka, mrithi wake ameshazaliwa? Tumba la mwaka ujao huundwa tangu kiangazi, likakaa kwapani mwa jani, limefumbwa kwa magamba. Chukua kijiti cha mti uliopukutika ukitazame kwa makini: kovu la kikonyo, na juu yake tu, tumba. Hakuna mti unaoachilia kwanza ndipo ukaanza kufikiria utafanya nini.

Je, wajua kwamba kuna mti usiojali hesabu hizo? Alda wa Ulaya hudondosha majani yakiwa bado mabichi ya kijani. Anaweza: mizizi yake inaishi na bakteria wanaomtengenezea naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hana sababu ya kukomba sufuria. Matajiri wapo hata msituni.

Je, wajua kwamba rangi ya manjano ya majani yanayokaribia kudondoka si ngeni? Ilikuwamo ndani ya jani zima, msimu mzima, imefunikwa na kijani. Karotenoidi, jamii ileile inayoipa karoti na embe bivu rangi yake, hubaki zikionekana umbijani unapoondoka. Nyekundu ni jambo jingine kabisa. Nyekundu, yaani anthosianini, mti huitengeneza upya, kwa gharama, ndani ya jani ambalo umekwisha kuamua kulitupa. Mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha huifanya iwe kali zaidi, ndiyo maana mwaka mmoja milima huwaka na mwaka mwingine hupooza.

Kwa nini mti ujigharimu hivyo? Wataalamu bado wanabishana. Wengi husema nyekundu hulikinga jani na jua wakati mti unamalizia kuvuta akiba yake. William Hamilton, mwanabiolojia Mwingereza, alikuwa na wazo la ujasiri zaidi: kwamba rangi kali ni onyo kwa vidukari wanaotafuta pa kutaga mayai, mti ukijitangaza kuwa una nguvu za kujitetea. Hamilton hakuwahi kuliona wazo hilo likichapishwa. Alikwenda Kongo mwanzoni mwa 2000 kutafuta ushahidi wa chimbuko la virusi vya UKIMWI, akaugua malaria, akarudishwa London na kufariki Machi mwaka huohuo. Makala aliyoandika na Sam Brown ilitoka 2001.

Je, wajua kwamba mwaloni mchanga unaweza kukaa na majani yake makavu hadi majira ya kuchipua? Huyanyima ruhusa ya kuondoka. Na mti wa ginko hufanya kinyume: baada ya usiku mmoja wa baridi kali unaweza kumwaga karibu majani yote kwa siku moja, chini pakatandikwa zulia la manjano. Kwa hiyo anayekuambia "kuwa kama mti" ana wajibu wa kutaja mti gani.

Je, wajua kwamba pwani yetu ina mti unaobadilika rangi hivyohivyo? Mkungu. Umeukalia kivulini, labda umewahi kupasua kungu kwa jiwe ukala kiini chake, na hukuutazama. Unapokaribia kupukutisha, majani yake makubwa hugeuka manjano, kisha mekundu, kisha rangi ya damu ya mzee, mengine yakiwa bado ya kijani kwenye tawi lilelile. Dar es Salaam, Mombasa, Unguja, Lamu, mkungu upo ufukweni na uani mwa shule.

Miombo nayo ina mzaha wake. Ukipita Tabora, Katavi au Ruvuma kabla ya mvua, mwezi wa Septemba na Oktoba, utakuta msitu mwekundu na wa shaba kana kwamba uko Ulaya. Lakini hayo si majani yanayokufa. Ni machanga, ndiyo kwanza yanachomoza, na mti umeyatoa kabla tone la mvua halijaanguka. Rangi ni ileile ya anthosianini. Hata mwembe wa nyumbani kwako hufanya hivyo: tazama vichomozi vyake, jinsi vilivyo vya zambarau na vyenye kulegea, kabla havijawa kijani.

Tukirudi kwenye siku zinazofupika: je, wajua kwamba tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote Dar es Salaam haifiki hata saa 1? London ni karibu saa 9. Ndugu zetu walio Minneapolis, Oslo na Birmingham hawahitaji kuelezwa. Unatoka kazini giza, unaingia kazini giza, na ule uzito usio na jina hukaa kifuani kuanzia Oktoba.

Uzito huo ulipewa jina la kitabibu 1984 na Norman Rosenthal, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Afrika Kusini. Alihamia Marekani, majira ya baridi yakamwangusha roho, akaanza kuwachunguza wengine waliopatwa na hali hiyo. Tiba mojawapo iliyothibitika ni taa maalumu yenye mwanga wa laksi 10,000, unaketi mbele yake asubuhi kama nusu saa. Taamuli inaweza kusaidia, lakini sitamwambia mtu aliyezama kwenye sonona afumbe macho awaze majani. Amwone daktari kwanza.

Je, wajua kwamba karibu nusu ya saa tulizo macho, akili haipo tulipo? Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu wazima 2,250, kupitia simu zao na kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na wanawaza nini. Matokeo yalichapishwa 2010: asilimia 46.9 ya muda akili ilikuwa inazurura. Na wazururaji walijieleza kuwa na furaha ndogo kuliko waliokuwa wamekaza fikra kwenye jambo walilolishika, hata lilipokuwa jambo la kuchosha.

Je, wajua nini hutokea ukimwambia mtu asiwaze kitu? Mwaka 1987 Daniel Wegner aliwaambia wanafunzi huko Texas wasimwaze dubu mweupe, na wagonge kengele kila akiwajia. Kengele haikunyamaza. Baya zaidi, waliporuhusiwa kumwaza baadaye, dubu alikuja mara nyingi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa hata mara moja. Ndiyo sababu mwongozaji wa taamuli anayejua kazi yake hasemi "ondoa mawazo". Anayatafutia pa kukaa.

Mojawapo ya mahali hapo ni jani juu ya maji. Zoezi la majani yanayoelea mtoni linajulikana sana miongoni mwa watumiaji wa tiba iitwayo ACT, ambayo mwasisi wake mkuu ni mwanasaikolojia Steven Hayes wa Chuo Kikuu cha Nevada, Reno. Nimelipindisha kidogo hapa, nikaongeza tumba. Dakika 10 zinatosha. Lisome mara moja kisha weka gazeti kando, au mtu mwenye sauti ya upole akusomee, akinyamaza kidogo kila baada ya sentensi.

Keti palipo na kivuli, mgongo wima bila kujikaza, nyayo zote mbili chini. Legeza taya, wengi hawajui wameuma meno mpaka waambiwe. Shusha mabega. Macho yafumbe, au yaache yatazame ardhi hatua mbili mbele yako. Vuta pumzi kwa pua, taratibu, mpaka tumbo liinuke. Itoe kwa kuichelewesha, ndefu kuliko ulivyoivuta. Tena. Na tena. Sasa iache ijiendee.

Mbele yako pana kijito. Maji yake hayana haraka. Ukingoni umesimama mti uliokwisha kugeuka: manjano, rangi ya kutu, wekundu. Jani linaachana na tawi, linayumba, linagusa maji, linachukuliwa. Usilifuate. Linakuja jingine. Wazo la kwanza litakalokujia, hata likiwa ni bei ya unga au ujumbe ambao hujaujibu, liweke juu ya jani. Usilitupe, liweke. Litazame likienda kwa mwendo wa maji, si kwa mwendo wako. Likinasa kwenye jiwe, liache linase. Wazo lilelile likirudi, lipe jani jingine. Ukijiambia kwamba zoezi hili ni la kipuuzi, hilo nalo ni wazo, na jani lake lipo.

Itafika saa utagundua umetumbukia mtoni, unasafiri na jani, unamjibu mtu ambaye hayupo. Hujaharibu kitu. Panda ukingoni, keti, sikia nyayo zilivyoigusa ardhi. Rudi utazame tawi, mahali jani la kwanza lilipotoka. Pana kovu dogo lililokwisha kufunga. Juu yake pana tumba. Kaa na tumba hilo kwa pumzi tatu, usilitake lifunguke. Kisha sikiliza sauti iliyo mbali kuliko zote, halafu iliyo karibu kuliko zote. Fungua macho. Inuka polepole.

Je, wajua kwa nini pumzi ya kutoka ndiyo tumeirefusha? Weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Ukivuta pumzi, moyo huharakisha kidogo. Ukiitoa, hupunguza mwendo. Si imani, utausikia mwenyewe. Kazi hiyo hufanywa na neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye shina la ubongo hadi kifuani na tumboni. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukishuka kwenye mara 6 hivi, mapigo ya moyo na pumzi hukubaliana mwendo. Ukisikia kizunguzungu, umejilazimisha. Rudi kwenye pumzi ya kawaida.

Je, wajua kwamba taamuli iliingia hospitalini Marekani katika jimbo linalosifika kwa majani mekundu? Jon Kabat-Zinn, aliyesomea biolojia ya molekuli, alianzisha kliniki yake 1979 kwenye Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester. Aliwapokea wagonjwa wa maumivu sugu ambao madaktari walikuwa wameshindwa nao. Kozi ni ya wiki 8, na zoezi lake maarufu halina jani wala mto: ni kula zabibu kavu moja. Unaitazama, unaigeuza, unainusa, unaiweka ulimini, na dakika kadhaa hupita kabla hujaimeza. Walioketi kwenye futari wakiwa na tende mkononi, wakingoja adhana, hawatalishangaa zoezi hilo.

Je, wajua kwamba faida za taamuli zimepimwa, na vipimo havikulingana na makelele ya matangazo? Mwaka 2014 jarida la JAMA Internal Medicine lilichapisha uchambuzi wa majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Programu za taamuli zilipunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi, kwa ushahidi wa kadiri. Hapakuwa na ushahidi kwamba zinashinda dawa, mazoezi ya viungo au tiba nyingine. Kwangu hiyo ni habari njema: kitu cha bure kinachofanya kazi kiasi.

Je, wajua kwamba Wajapani wamekuwa wakienda "kuwinda" majani mekundu tangu enzi ya Heian, iliyoanza 794? Zamani walikuwa watu wa ikulu. Leo ni treni zilizojaa. Watabiri wa hali ya hewa hutangaza mwendo wa rangi hiyo jinsi wengine wanavyotangaza mvua: huanza kwenye milima ya Daisetsuzan, Hokkaido, katikati ya Septemba, ikashuka kusini hadi kufika Kyoto mwishoni mwa Novemba. Maua ya cheri hufanya safari hiyohiyo kinyumenyume, kutoka kusini kwenda kaskazini.

Je, wajua kwamba "kuoga msitu", desturi inayouzwa kana kwamba ni ya kale, ilipewa jina lake 1982 na Idara ya Misitu ya Japani? Haipunguzi utamu wake. Huogi chochote, unatembea polepole chini ya miti, mara nyingi bila kufika popote. Msitu wa Akasawa, mkoani Nagano, ndio unaojivunia kuwa chimbuko. Baadhi ya tafiti zimekuta shinikizo la damu na homoni ya kotisoli vikishuka baada ya matembezi hayo, ingawa nyingi zilihusisha watu wachache.

Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Roger Ulrich, uliotoka kwenye jarida la Science 1984. Alifukua majalada ya hospitali moja ya Pennsylvania ya kuanzia 1972 hadi 1981, akachukua wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo. Nusu yao dirisha lilitazama miti. Nusu, ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa mapema kwa karibu robo tatu ya siku na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Na kuna jambo ambalo wengi hulisahau: alihesabu tu waliolazwa kati ya 1 Mei na 20 Oktoba. Kwa nini? Baada ya hapo miti haikuwa na majani.

Je, wajua kwamba kuna mti unaonukia sukari iliyoungua unapopukutisha? Katsura, wa Japani na China. Majani yake makavu hutoa maltoli, kemikali ileile iliyomo kwenye karameli na ganda la mkate. Watu hugeuka wakimtafuta muuza peremende. Nayo harufu ya udongo uliolowa hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye jeosimini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa imeyeyuka mno hewani. Ukifanya zoezi la majani baada ya manyunyu, anza na pua.

Je, wajua majani yaliyoanguka huenda wapi? Charles Darwin alitumia sehemu ya uzee wake kulijibu hilo. Kitabu chake cha mwisho, cha 1881, kinahusu nyungunyungu. Aliona usiku wakivuta majani kuziba mashimo yao, wakipendelea kuyashika kwenye ncha iliyo rahisi kuingia, akakata mamia ya vipembetatu vya karatasi kuona kama wanachagua au wanabahatisha. Walichagua. Kisha akataka kujua kama wanasikia, mwanawe Francis akawapigia zumari nene la basuni. Hawakujali. Lakini vyungu vyao vilipowekwa juu ya piano na noti ikapigwa, walijivuta mashimoni mara moja. Hawana masikio, ila mtetemo unawafikia.

Je, wajua kwamba mmoja wa waanzilishi wa programu ya taamuli iitwayo Calm, iliyoanza 2012, ndiye kijana wa Kiingereza aliyeuza ukurasa wa intaneti nukta kwa nukta, dola 1 kila moja, hadi zikafika milioni? Alex Tew alifanya hivyo 2005. Mwaka 2011 alitengeneza tovuti yenye picha ya bahari na sauti ya mawimbi, ikimtaka mgeni asifanye chochote kwa dakika 2. Ukigusa kipanya au kibodi, saa ilianza upya. Jaribu kumpa kijana wako mwenye simu mpya mtihani huo.

Je, wajua kwamba majani ya mepo huliwa? Mjini Minoh, karibu na Osaka, huhifadhiwa kwenye chumvi kwa mwaka mmoja au zaidi, yakaoshwa, yakachovywa kwenye rojo la unga lenye sukari na ufuta, kisha yakakaangwa kwenye mafuta mpaka yakakauka na kumeguka mdomoni kwa kelele. Jani lenyewe halina ladha ya kutaja. Utamu wote ni wa rojo. Huuzwa kwenye mifuko njiani kuelekea maporomoko ya maji, na wapandaji wengi huwa wameumaliza mfuko kabla hawajayaona maji.